Nina laki tano na nusu nataka laptopu ya kazi za kawaida. Muuzaji anasema i7, fundi anasema i5, nimsikilize nani?

#1 Mwl_wa_Zamu
Wakuu salama? Naenda kwenye mada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, huku Manyoni. Kompyuta najua kuwasha, kuandika na kuzima, zaidi ya hapo naita watu. Miaka yote mitihani nachapisha steshenari, sasa muhula uliopita mtihani wangu wa kidato cha tatu ulibaki kwenye kompyuta ya steshenari moja na watoto wakaupata siku mbili kabla. Darasa zima wamepasua fasihi simulizi, hata wale wasiojua methali na nahau zinatofautianaje. Nikasema basi, nimejibana nimepata 550,000.

Kazi zangu ni Word, Excel ya maksi na divisheni, muvi za mama watoto, na intaneti ya hotspoti ya simu. Muuzaji mmoja Kariakoo nimempigia anasema ana mtumba "i7 kabisa", RAM 4, laki nne na themanini. Fundi simu wa hapa kwetu anasema hiyo i7 ni jina tu tafuta i5. Mwalimu mwenzangu anasema mitumba yote ni vimeo, ongeza kidogo uchukue mpya ya kwenye boksi. Jumamosi nashuka Dar na treni ya kutoka Dodoma. Nimsikilize nani?

#2 Bumu_Limeisha
Nimekaa hapa na karanga zangu. Mwalimu mtihani ulivuja halafu umewapa A zao au umefuta?

#3 Fundi_Pasi
Mwalimu kabla ya yote muulize huyo muuzaji hiyo i7 ina namba gani MBELE yake. Watu wanapigwa hapa kila siku. i7 ni ngazi tu ya prosesa za Intel, ule ubongo wa kompyuta, peke yake ni kama kusema "basi la ghorofa", hujui la mwaka gani. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i5-8250U ile 8 ya mwanzo ndo kizazi, ni ya nane. i7-3520M hiyo ni ya tatu. Sasa i7-3520M ina koa (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili tu wakati i5-8250U ina koa nne, yani i5 inaipita i7 bila kutoa jasho na inakula umeme kidogo. Kwa bei aliyokutajia na RAM 4 (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4 tu) nahisi ni ya tatu au ya nne, ila muulize, usiniamini mimi.

#4 Mwl_wa_Zamu
#3 nimempigia sasa hivi. Kasema "bosi we njoo uione ni safi haina hata mkwaruzo". Namba hajasema.

#5 Fundi_Pasi
😂😂 Umeshajibiwa.

#6 Binti_Chanika
Naongezea kwa #3, kuanzia kizazi cha kumi zinakuwa tarakimu mbili, mfano i5-1035G1 ni ya kumi sio ya kwanza. Kuna jamaa alikataa laptopu nzuri tu akidhani ya kizazi cha kwanza, nikaichukua mimi.

#7 Mzee_wa_Luku
Vijana mnamchanganya mwalimu na namba. Nunua mpya yenye waranti, lala usingizi. Mtumba ni mke wa mtu, hujui kilichomfukuza huko.

#8 Dada_Steshenari
Kwanza sio steshenari zote tunavujisha, mimi mteja akimaliza nafuta faili mbele yake na pipa la taka nasafisha. Pili mwalimu ukishaandika huo mtihani utaprinti wapi?

#9 Bumu_Limeisha
#7 mzee mpya ya laki tano na nusu mimi nilinunua, bumu (hela ya mkopo wa chuo) la kwanza kabisa nikiwa mwaka wa kwanza. Ilikuwa nyembamba nzuri rangi ya dhahabu, dada wa dukani akanibebea mpaka mlangoni. Nafungua nyumbani hifadhi GB 64, Windows imeshachukua karibu nusu, nikaweka Office, sasisho la kwanza likaja ikaniambia hakuna nafasi. Nikafuta picha. Sasisho la pili hakuna nafasi. Nikafuta Office. Nikabaki na laptopu mpya yenye waranti ambayo kazi yake ni kujisasisha yenyewe. Nikifungua tabu tatu za intaneti ya nne inaomba ruhusa ya mkuu wa chuo. Niliiuza laki mbili na ishirini kwa mtu wa kuandikia risiti.

#10 Fundi_Pasi
#9 hiyo hifadhi inaitwa eMMC, sio SSD (ile diski ya kisasa yenye spidi), imechomelewa kwenye ubao huwezi kuitoa kuweka kubwa. Na RAM nyingi za bei hiyo nazo zimechomelewa. Ndo maana nasema mpya ya bei ya chini kabisa ni mtego kuliko mtumba wa ofisi. Mzee wa Luku waranti inalipa kilichoharibika, uzito wa kuzaliwa nao haiulipi.

#11 Mzee_wa_Luku
Mimi yangu mpya mwaka wa nne huu inapeta.

#12 Binti_Chanika
Mzee ulinunua shingapi?

#13 Mzee_wa_Luku
Milioni moja na laki mbili.

#14 Binti_Chanika
Haya asante mzee.

#15 Kaka_Sharjah
Nipo Sharjah nafanya kazi kwenye ghala la mizigo hii hii, acha niwaambie inavyokuja. Makampuni ya Ulaya na Uingereza yanabadilisha laptopu za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu minne, mbovu au nzima zinatoka zote kwa pamoja, zinapangwa kwenye mapaleti, huku zinafunguliwa zinapangwa gredi A, B na C. Kwa hiyo #7 huyo mke hajafukuzwa, mkataba wake umeisha tu. Ndo maana mitumba mizuri utaona ni zile za ofisi, EliteBook za HP, Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo. Hizi hazikutengenezwa za bei rahisi, ikiwa mpya ilikuwa milioni tatu huko na zaidi.

#16 Mpita_Njia88
#15 mkuu usitupake mafuta, gredi C zenu zinaishia wapi? Si ndo hizi zinawekewa stika mpya zinaitwa A Kariakoo.

#17 Kaka_Sharjah
Sijakataa. Mimi napanga, anayeandika stika simjui.

#18 Mtaa_wa_Luthuli
Sasa nyinyi, hapa Nairobi tunaziita ex-UK, story ni ile ile. Mimi nilichukua EliteBook 840 G3 elfu ishirini na mbili za Kenya, SSD 256, RAM 8, inafanya kila kitu, nafunga hesabu za duka na mtoto anasomea hapo hapo. Mwalimu chukua G3 uokoe pesa.

#19 Binti_Chanika
#18 ngoja kwanza. G3 ni kizazi cha sita. Windows 10 Microsoft walisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 orodha yao rasmi ya Intel inaanza kizazi cha nane. Mtu anayenunua leo kwa nini aanze na kitu kilichofungiwa mlango.

#20 Mtaa_wa_Luthuli
Yangu iko na Windows 11 na inafanya.

#21 Binti_Chanika
Imewekwa kwa kuruka kizuizi, inafanya ndiyo, ila masasisho makubwa hayaji yenyewe na wao wamesema hawana dhamana nayo.

#22 Fundi_Pasi
Hapa na mimi napingana na Binti kidogo. Mwalimu wa Manyoni anaandika mtihani, kizazi cha sita chenye SSD na RAM 8 kinamtosha miaka mitatu. Na Windows 10 kuna nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Lakini kama hela inafika cha nane, achukue cha nane. Na kuna kosa wauzaji wanafanya, wanasema "G5 zote ni kizazi cha nane". Si kweli, 840 G5 nyingine zilitoka na cha saba. Namba inasomwa kwenye kompyuta yenyewe haisomwi kwenye stika. Bonyeza Ctrl Shift Esc kwa pamoja, nenda palipoandikwa Performance, jina la prosesa linatokea juu kulia.

#23 Mchungaji_Mtandaoni
Kwani MacBook Air vipi? 2015 zinapatikana kwa bei hiyo na zinaheshimisha.

#24 Bumu_Limeisha
Zinaheshimisha mpaka ukitaka kuongeza RAM 😂

#25 Binti_Chanika
Ya 2015 mfumo wake uliishia Monterey, toleo la 2021, na RAM imechomelewa. Kama unataka tufaha ling'ae kanisani sawa.

#26 Mchungaji_Mtandaoni
Dada umenigusa pabaya ila nimesamehe.

#27 Mama_Wawili
Samahanini mnaongea RAM, SSD, mimi nauliza kitu kimoja tu, kwa nini laptopu ikifika mwaka wa pili inakuwa nzito? Yangu kuiwasha naweka chai jikoni, naosha vikombe, nikirudi bado kile kiduara kinazunguka. Si haijabadilika ni ile ile?

#28 Fundi_Pasi
Asilimia kubwa ni diski ya zamani, HDD, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Weka sikio ukiwasha utasikia krrr krrr. Toa weka SSD utadhani umenunua nyingine.

#29 Mzee_wa_Luku
Ni virusi. Flashi za watu.

#30 Mpita_Njia88
Ni vumbi. Nilifungua ya shemeji yangu hapa Mbagala, feni imetengeneza blanketi, prosesa ikipata moto inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Nikapiga upepo nikabadili ile pesti ya kupoza prosesa, ikawa sawa.

#31 Binti_Chanika
Mbona hamsemi Windows yenyewe inanenepa, kila programu unayoweka inajipachika kuwaka na kompyuta. Mama zima hizo kwanza, ni bure.

#32 Mama_Wawili
Nimeweka sikio. Krrr krrr ipo. Ila na flashi za watu nachomeka kweli, na vumbi la Tabata mnalijua.

#33 Mpita_Njia88
Basi wote tumeshinda.

#34 Mwl_wa_Zamu
Nimesoma zote mpaka kichwa kinauma. Kwa iyo nikifika dukani nifanye nini hasa? Niseme kwa lugha ya mtu wa methali na nahau.

#35 Fundi_Pasi
Sawa mwalimu. Usinunue kwa kusimama. Omba kiti. Ukikaa nusu saa na laptopu inawaka muuzaji mwenye kimeo anaanza kukereka mwenyewe, hiyo peke yake ni kipimo.

Izime kabisa uiwashe, ikizidi dakika moja kufika ndani uliza kama ni SSD. Kabla haijawaka ingia BIOS (mipangilio ya ndani kabla ya Windows), muuzaji anajua kitufe, ikiomba nywila ambayo hana IACHE HAPO, hiyo bado ina mwenyewe huko Ulaya au kuna kampuni imeifunga kwa mbali. Fungua Notepad bonyeza kitufe kimoja kimoja, vyote, hata vya pembeni usivyotumia. Fungua picha nyeupe ijaze kioo utafute madoa na mstari. Ishike kioo ufungue ufunge, bawaba zikilia kama mlango wa stoo jua ilianguka. Piga muziki, washa kamera, chomeka flashi kila tundu, unganisha hotspoti ya simu yako sio wi-fi yao.

Betri sasa ndo penye ukorofi. Bonyeza kitufe cha Windows uandike cmd na Enter, pakitokea pale peusi andika powercfg /batteryreport, inatengeneza ripoti na kukuonyesha imeiweka wapi. Kuna DESIGN CAPACITY, ndo ujazo ilipozaliwa, na FULL CHARGE CAPACITY, ndo ujazo ilionao leo. Kama ilizaliwa na 50,000 leo ina 20,000 hiyo ni mzee, imebaki na chini ya nusu ya nguvu zake. Muuzaji akisema "betri inakaa masaa manne" mwonyeshe hiyo namba halafu nyamaza, bei itashuka yenyewe.

#36 Bumu_Limeisha
Hiyo ya kunyamaza nimeiandika kwenye daftari.

#37 Kaka_Sharjah
Ongeza kibodi. Mizigo mingi inatoka Ujerumani, Ufaransa na zile nchi za baridi, herufi zake hazikai kama tulivyozoea. Duka zingine wanabandika stika juu, zingine wanaacha hivyo hivyo.

#38 Mwl_wa_Zamu
Herufi ni herufi mkuu, hilo halinitishi. Niambieni modeli sasa.

#39 Fundi_Pasi
Kwa hela yako kaza upate ThinkPad T480 au Latitude 7490, kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256. T480 nzuri kwenu huko umeme unakokatika, ina betri mbili, moja ndani nyingine ya nje unaichomoa kwa mkono. Angalizo: T480 na T480s wasikuchanganye. Ile yenye s ni nyembamba, haina betri ya nje, na sehemu ya RAM imechomelewa.

#40 Mzee_wa_Luku
Na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji akisema risiti inaongeza bei, ondoka.

#41 Mpita_Njia88
Mzee ukiondoka hivyo Kariakoo utarudi Manyoni na hela yako.

#42 Mama_Wawili
Mrejesho: nimepeleka kwa fundi kaweka SSD, elfu tisini na kazi yake. Chai sasa haichemki, imeshawaka. Ila amesema na vumbi lilikuwepo na virusi vilikuwepo.

#43 Dada_Steshenari
Hongera. Mwalimu hajanijibu swali langu la #8.

#44 Mwl_wa_Zamu
Wakuu nimefika salama, laptopu zangu hii hapa naandikia, T480, kiyayi cha nane, bei zake 540,000 pamoja na chaja zake. Betri yote mbili nyima, nilikaa kwenze kiti kama Fundi alivzosema, muuyaji alikereka ila akatulia. Aliniambia imetoka Ujerumani nikasema ndizo nyuri. Nilikuwa na haraka za treni hizo Notepad nikabonzeya juu juu tu. Sasa kuna kitu sizo cha kawaida, ninzi mnaona maneno zangu zanavzotoka?

#45 Bumu_Limeisha
"Laptopu zangu hii hapa" 😂😂😂😂 mwalimu wa Kiswahili huyo. Upatanisho wa kisarufi umezikwa saa ngapi tuje msibani?

#46 Mpita_Njia88
Umenunua ngapi kwani mkuu? Bei zake?

#47 Binti_Chanika
Halafu "betri yote mbili nyima" 😭 nimeshindwa kula.

#48 Kaka_Sharjah
#38 "herufi ni herufi mkuu, hilo halinitishi."

#49 Mwl_wa_Zamu
Naandika na simu sasa. Chekeni tu. Nikibonyeza Y inakuja Z, nikibonyeza Z inakuja Y. Kwa Kiswahili hilo ni janga, kila ngeli imehama. Nimeandika "kalamu yake" ikatoka wingi. Nimeuziwa mbovu?

#50 Fundi_Pasi
Nzima kabisa. Kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana viti. Duka wameweka Windows ya mpangilio wa Kimarekani juu ya vitufe vya Kijerumani, ndo maana kilichoandikwa kwenye kitufe sicho kinachotoka. Chomoa hizo kofia mbili uzibadilishe, dakika tano.

#51 Binti_Chanika
Asichomoe! Chini kuna vimkasi vidogo vya plastiki, ukivunja kimoja kitufe kinalegea maisha. Aende kwenye mipangilio ya lugha aongeze kibodi ya Deutsch, kila kitufe kitatoa kilichoandikwa juu yake, vitufe asiviguse.

#52 Dada_Steshenari
Akifanya hivyo siku akikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine ataanza kukosea upande wa pili. Stika za herufi kariakoo zipo, abandike, azoee mpangilio wa kawaida kama sisi.

#53 Fundi_Pasi
Stika zinatoka kwa jasho miezi mitatu. Nimechomoa kofia mia na sijavunja.

#54 Binti_Chanika
Wewe ni fundi, yeye ni mwalimu.

#55 Mzee_wa_Luku
Mngenunua mpya yasingetokea haya.

#56 Mwl_wa_Zamu
Nimefuata ya Binti, nimeweka hiyo Deutsch. Zuri, zaidi, yaya, yeye, kuzaliwa, mzizi, kiyoyozi. Kiyoyozi imetoka! Sasa hivi naandikia hapa. Ila kuna ö na ä pembeni nikiteleza kidole zinaingia, mke wangu kasoma nimeandika "wanafunzi wöte" akauliza hao ni wa shule gani.

#57 Bumu_Limeisha
Kwa iyo mtihani upo salama sasa?

#58 Mwl_wa_Zamu
Upo salama sana. Nimeuandika wote jana usiku, umeme ulikatika saa tatu nikaendelea na betri mpaka saa sita. Una nywila ndefu ambayo hata mama watoto hajui. Tatizo moja tu, printa ya shule wino umeisha tangu Machi. Kesho nauweka kwenye flashi napeleka steshenari.

#59 Dada_Steshenari
🙂

#60 Mwl_wa_Zamu
Nimeliona swali la #8. Wakuu printa ya mtumba inaanzia shingapi?